Kikombe cha Hawe Kache

Kama kuna mtu aliyeipenda semina ile ya Malindi, basi ni Mchungaji Dena. Siku tatu nzima alikaa kiti cha mbele, kalamu mkononi, akaandika kila neno, hata vichekesho vya mwalimu akaviandika. Kanisa lake lilikuwa Marereni, huko kaskazini kwenye mashamba ya chumvi. Lilikuwa kanisa la mabati lenye waumini wasiofika mia na hamsini, wengi wao vibarua wa chumvi na wake zao. Kwa miaka sita Dena alikuwa ndiye kila kitu hapo. Ndiye mhubiri, ndiye mfungua mlango, ndiye wa kuhangaika na spika ikikoroma katikati ya ibada. Mwalimu wa semina aliposema kwamba mchungaji asiye na timu atazikwa mapema na kanisa lake litamfuata, Dena alijiona kama aliyetajwa kwa jina.

Na alikuwa amechoka kweli, hilo tusimwonee. Alikuwa amekonda hata kola ya shati ikawa inamzunguka shingoni. Gladys, mkewe, alikuwa akisema kwamba yeye humwona mumewe vizuri Jumapili tu, akiwa mimbarini, kama wanavyomwona watu wengine. Mtu aliyechoka namna hiyo akionyeshwa njia ya kupumzika hataulizauliza sana.

Aliporudi Marereni akachapisha karatasi, akaziita Fomu za Vipawa. Kila muumini aandike jina, namba ya simu, na kipawa alichopewa na Mungu. Mwezi ulipoisha timu zikatangazwa: Maombi, Kwaya, Ukaribisho, Vyombo, Watoto na Ziara. Kila timu ikapata kiongozi wake, na kila kiongozi alitakiwa kutuma ripoti kwenye simu ya mchungaji kila Jumamosi. Timu ya Ziara, ya kutembelea wagonjwa na walioadimika kanisani, alipewa Linet, mwalimu wa chekechea, binti mwenye bidii asiyejua kukaa bure. Yeye na wenzake wanne wakachapishiwa fulana za kijani. Na kusema haki, mengi yalitengenea. Spika zilikoma kukoroma, watoto wakapata mwalimu, na Dena akaanza kula chakula cha mchana nyumbani kwake. Alinenepa kidogo. Gladys alifurahi.

Sasa kulikuwa na bibi mmoja, Kache, ambaye kanisa zima lilimwita Hawe, nyanya, kama Wagiriama wanavyowaita wazee wao wa kike. Hawe Kache alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, leso mbili na ndara zilizoliwa visigino. Hakuimba kwa sauti, hakutoa ushuhuda, hakuwahi kuchaguliwa kwenye kamati hata moja. Kazi yake ilikuwa kutazama migongo. Akishaona mgongo uliokosekana, basi ibada ikiisha anajifunga leso yake vizuri, anatembea polepole mpaka nyumba ya yule asiyeonekana, anapiga hodi na kusema maneno yale yale kila siku.

"Nimepita tu, wanangu. Naomba maji ya kunywa."

Anayeijua Marereni atafahamu ujanja wa bibi huyo. Maji ya visima vya hapo yana chumvi, na maji matamu huletwa kwa mitungi, kwa hiyo kikombe cha maji ni kitu cha maana. Lakini hakuna mtu wa pwani atakayemnyima mwenzake maji ya kunywa, na hakuna nyumba iliyofukarika hata ikakosa kikombe kimoja cha kumpa mgeni. Chai ndiyo hutia watu aibu. Chai inataka sukari, inataka maziwa, inataka mkate wa kuisindikiza, na mwenye kukosa hivyo atajificha ndani ajitie hayupo. Maji hayataki kitu. Hawe Kache alikuwa akikaa kizingitini, anakunywa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi, na macho yake yanatembea. Kikombe kikiisha ameshajua nani ana homa, jiko gani halijawashwa tangu jana, na mke gani hasemi na mumewe. Hakuwahi kumwambia mtu, "Kanisani hatukukuona." Jumatatu alipita kwa Dena, akasema mlangoni, "Kwa fulani pana mgonjwa," au, "Kwa fulani peleka unga, lakini upeleke wewe, wasijue umetoka kwangu." Kisha akaenda zake. Zilikuwepo nyumba zilizomwekea kikombe chake mwenyewe. Nyumbani kwa Sanga, kibarua mmoja wa chumvi, kilikuwa cha bati, cheupe, kina maua mekundu na kimebanduka rangi ukingoni.

Siku ya kujaza fomu Hawe Kache alisomewa na Linet, maana hakujua kusoma.

"Hawe, kipawa chako ni kipi?"

"Kipawa? Mie sina, mwanangu. Mie hupita tu."

Linet akaandika: hana. Dena alipoipitia ile fomu alimwonea huruma bibi, akamtia Timu ya Maombi pamoja na wazee wenzake, na akaona amemheshimu. Haikumjia kabisa kujiuliza zile habari za kila Jumatatu alikuwa akizipata kwa nani.

Hawe Kache aliomba na wenzake kama alivyoagizwa, na ibada ikiisha akaendelea kupita. Linet hakupendezwa. Mara mbili timu yake ilifika nyumba ya mtu na fulana zao na daftari lao, wakamkuta bibi ameshakaa kizingitini na kikombe, na wenyeji wakasema, ah, kanisa limeshafika. Linet alimlalamikia mchungaji, na hakulalamika kwa ubaya. Alikuwa amepewa kazi, akataka aachiwe aifanye.

Dena akamwita Hawe Kache pembeni, Jumapili moja ya mwezi wa tano, nje ya kanisa, watu wakiendelea kutoka. Maneno aliyomwambia siku ile anayakumbuka yote. Angetoa kitu kikubwa ili ayasahau.

"Hawe, siku hizi tuna utaratibu. Ziara zina wenyewe. Ukipitapita hivi unawavuruga wenzako, kazi haieleweki ni ya nani. Wewe kaa nyumbani, upumzike, utuombee. Hiyo ndiyo kazi yako sasa."

Bibi alitazama ndara zake. Akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye mchungaji." Na Dena, masikini, alirudi nyumbani akamsimulia Gladys jinsi wazee wanavyoelewa ukiwaeleza kwa upole.

Gladys alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho.

"Na hao watano wa fulana," akasema, "wanapoingia nyumba yenye vigoda viwili, unadhani mwenye nyumba atawaambia ana shida? Atakuwa anawaza chai."

Dena akamjibu kwamba ziara zimeongezeka mara mbili, na idadi anayo kwenye simu. Gladys akaendelea na mchele wake.

Mwezi wa sita, Sanga akakanyaga msumari. Sanga alikuwa kibarua wa kukwangua chumvi, mtu mrefu, na ndiye sauti nzito ya kwaya. Aliposhusha ile sauti benchi lilitetemeka chini yako. Msumari ulipenya buti lake, ambalo alishalishona mara tatu mwenyewe, ukaingia kwenye unyayo, na siku nzima akaendelea kusimama kwenye maji ya chumvi. Jioni alijikanda kwa maji ya moto, akasema itapona. Siku ya tatu mguu ukavimba. Monicah, mkewe, akamsihi aende hospitali, naye akasema itapona. Sanga alikuwa mtu mzuri sana, lakini mbishi, na kwa mkewe ndiyo kabisa. Mwaka uliopita alikohoa miezi miwili akikataa daktari, mpaka Hawe Kache alipokaa kizingitini pake, akamaliza maji, akamwambia, "Kesho asubuhi nakuja tuende sote." Akaenda naye kama mtoto.

Jumapili ya kwanza mgongo wa Sanga haukuwepo kwenye kwaya. Linet alipiga simu, Monicah akapokea. Alimtazama mumewe kitandani. Akatazama kopo la sukari, ambalo lilikuwa tupu kwa kuwa kibarua asiyeenda kazini halipwi. Akawaza watu watano na vigoda vyake viwili.

"Tuko salama," akasema. "Ni mguu kidogo tu. Msijisumbue."

Linet akaandika: Sanga, salama. Jumapili ya pili akapiga tena, akajibiwa vile vile, akaandika vile vile. Ripoti zilifika kwa mchungaji Jumamosi, safi, kila jina na alama yake ya vema, na Dena akazipitia akila chakula chake cha mchana. Jumapili ya tatu simu haikupokelewa. Jumanne majirani walimbeba Sanga mpaka Malindi, mguu umeshakuwa mweusi, hatambui mtu. Daktari alisema sumu imeingia kwenye damu, na kwamba wangemleta wiki mbili nyuma wangekuwa wanazungumza mengine. Alhamisi alfajiri akafariki.

Watu waliyaona mazishi hayo, kila mmoja anayo yake ya kusimulia. Lakini liko jambo moja walilolisikia wanawake waliokaa na mfiwa chini ya turubai, na Dena akalisikia pia, kwa kuwa alisimama hatua tatu tu kutoka hapo, Biblia kwapani. Monicah aliinua uso. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Hawe Kache alikuwa wapi?" akauliza. "Nyumba za watu wote hupita. Yangu akairuka. Nilimkosea nini bibi huyu?"

Mtu anapouliza hivyo msibani hakosi wa kumjibu. Mmoja akasema bibi siku hizi ana dharau. Mwingine akasema tangu atiwe kwenye maombi anajiona mtakatifu. Hawe Kache alikuwepo pale pale, kwenye mkeka, leso ameivuta mpaka usoni. Dena aliyaona mabega yake yalivyoinama. Alijua, siku ile ile, saa ile ile, kwamba neno moja kutoka kinywani mwake lingemwondolea bibi mzigo ule wote. Alifungua kinywa.

"Wapendwa," akasema, "tuimbe wimbo."

Wakaimba. Kwaya ilikosa ile sauti ya chini na kila mtu akaisikia ilivyokosekana.

Mwezi haukuisha, Hawe Kache akafunga virago vyake, akahamia Vitengeni kwa binti yake Kahonzi. Hakuaga kanisani. Watu wakasema, si unaona, dhamiri inamsuta. Dena akasema Mungu amtangulie, na akamwondoa kwenye orodha ya Timu ya Maombi.

Miezi minne akakaa na jambo lile. Mchana angeweza kulisahau kidogo, akiwa na shughuli. Lakini kila Jumamosi simu ikilia ripoti, na kila jina limeandikwa salama, aliiweka chini bila kumaliza kusoma. Alianza kuona hajui lolote kuhusu watu wake. Mtu mmoja aliachana na mkewe na Dena akaja kulijua kwa muuza samaki. Kila Jumatatu asubuhi alijikuta akitazama mlango.

Mwishowe akapiga moyo konde. Mwezi wa kumi alipanda pikipiki yake asubuhi, akapita Malindi bila kusimama, akashika njia ya bara mpaka Vitengeni. Na alijua anachokwenda kufanya, au alidhani anajua. Kwenye mkoba alikuwa na fulana moja ya kijani, mpya, ambayo alikuwa ameiagizia jina mgongoni: HAWE KACHE, na chini yake, KIONGOZI. Njia nzima alikuwa akijisemea hotuba yake.

Alimkuta uani kwa Kahonzi, amekaa kwenye jamvi, anapukuchua mahindi. Alikuwa amepungua. Dena akapiga hodi, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ile ile ya zamani, wala hakuna jicho baya. Akaletewa maji hata kabla hajakaa. Alikunywa, akauliza afya ya nyumba, akauliza mvua, akasifu mahindi, mpaka maneno ya kuzungukia yakamwishia. Ndipo akatoa ile fulana, akaitandaza mapajani mwa bibi.

Hawe Kache alikishika kitambaa kwa vidole viwili.

"Kizuri," akasema. "Kizito. Kitafaa shamba, jua halipenyi."

"Ni jina lako hilo, Hawe. Tunakutaka urudi. Uwe kiongozi wa Timu ya Ziara, uwafundishe vijana. Linet mwenyewe amekubali."

"Niwafundishe nini? Kunywa maji?" Akacheka kidogo, bila uchungu, akarudi kwenye gunzi lake. "Na Jumamosi nitakuandikia ripoti kwa mahindi haya, moja kwa kila mgonjwa."

Dena naye akacheka, akafarijika, akadhani mambo yanaanza kulainika. Alikuwa ameshafungua kinywa aendelee na hotuba yake bibi alipoliweka gunzi chini.

"Nilifika," akasema.

"Ulifika wapi, Hawe?"

"Kwa Sanga. Jumapili ya pili. Niliona mgongo haupo, na Jumapili iliyotangulia haukuwepo. Nikasema ngoja niende. Nikaenda mpaka kwenye ua wake wa makuti. Nikamsikia ndani akiguna, vile anavyoguna mtu mwenye maumivu akiwa hataki mkewe amsikie. Nikainua mkono nipige hodi." Aliuinua mkono wake, vidole vimekunjwa, akauangalia. "Nikakukumbuka wewe. Nikajiambia, Kache, umekatazwa, na aliyekukataza ndiye mchungaji wako. Wale vijana watakuja. Nikageuka nikarudi."

Mabibi wawili walipita njiani na kuni, wakasalimu, na Hawe Kache akawaitikia vizuri, akawauliza habari za watoto. Dena alikuwa hawezi kuinua kichwa.

"Siku zote nimekuwa mkaidi," bibi akasema walipokwisha kupita. "Waulize hata wanangu. Siku moja nikasema niwe mtiifu. Monicah aliponiuliza nilikuwa wapi, ningemwambiaje? Nilikuwa nyuma ya ua wako, mwanangu, namsikia mumeo?"

"Lakini Hawe, mbona hukusema ni mimi niliyekukataza? Ungesema."

Hawe Kache alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Hakukasirika, na Dena alitamani angekasirika.

"Ulikuwepo," akasema. "Ulisikia."

Hotuba yote ikamtoka Dena kichwani. Miezi minne alikuwa akijiambia kwamba pengine bibi hakumwona, kwamba leso ilikuwa usoni, kwamba hata kama alimwona hakutambua amesikia. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alitaka kusema nisamehe, na akasema, lakini ilitoka kwa sauti ndogo mno, na bibi hakuijibu. Alikuwa akiikunja ile fulana, mkono juu ya mkono, kama anayekunja nguo ya mtoto.

"Nani anakwenda kumwona Monicah siku hizi?" akauliza.

"Timu ya Ziara ilikwenda mwezi wa..."

"Sikukuuliza timu."

Dena akatazama yale mahindi. Kisha akasema, "Sijaenda. Tangu tuzike sijaenda."

"Basi nenda. Usiende na watu. Usishike Biblia, atadhani umemletea mahubiri. Piga hodi, uombe maji." Akamrudishia fulana mikononi. "Na hii mpe mtu mwingine. Mie sina haja ya jina langu mgongoni, nalijua."

Kesho yake, baada ya saa kumi, Dena alikwenda kwa Monicah kwa miguu. Kutoka kanisani mpaka pale ni mwendo mfupi, lakini alisimama mara tatu njiani akijifanya anasoma simu. Ua wa makuti ulikuwa umeanza kulala upande mmoja, hakuna wa kuusimamisha. Akasimama pale pale, akajua ndipo aliposimama Hawe, akainua mkono.

"Hodi. Naomba maji ya kunywa."

Monicah alitoka amejifunga leso kiunoni, mikono ina nyufa nyeupe. Siku hizi alikuwa akienda kupakia chumvi kwenye magunia, akibeba kazi ya mumewe ya kutafuta riziki na yake ya nyumbani kwa pamoja. Alimtazama mchungaji, akatazama nyuma yake kama kuna wengine, akaona hakuna. Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kikombe cha bati, cheupe, cha maua mekundu.

"Samahani, vingine watoto hawajarudi navyo kutoka shule," akasema. "Hiki ni cha Hawe Kache."

Dena akakipokea kwa mikono miwili. Alikaa kizingitini, akanywa kidogo, akabaki amekishikilia.

"Unajua nilitaka kukitupa?" Monicah akasema. Hakuwa akizungumza naye hasa, alikuwa akikitazama kikombe. "Jumapili zote tatu Sanga alinifanya nikijaze. Nikijaze, nikifunike kisahani, nikiweke pale dirishani. Anasema, leo Hawe atapita. Mimi namwambia twende hospitali, yeye anasema, wewe mke wangu wanitisha tu, ngoja Hawe apite, akiuona mguu akasema twende, nitakwenda. Jioni namwaga maji kwenye mpapai. Ile Jumapili ya tatu alikuwa ameshaanza kuweweseka, na bado ananiuliza, umeweka maji? Nikamwambia nimeweka."

Alijipangusa uso kwa ncha ya leso.

"Mtu anakungojea hivyo, nawe huji. Mimi sijamwelewa bibi huyu mpaka leo."

Mtu angeweza kuondoka hapo. Angesema pole, angeomba maombi mafupi, angerudi kwake. Dena alilifikiria hilo, tusimtakase. Aliliona kabisa, kama mlango ulioachwa wazi. Kisha akamwambia. Alimwambia habari ya fomu, na ya siku ile nje ya kanisa, na maneno yote kama alivyoyasema, ziara zina wenyewe, kaa nyumbani. Akamwambia kwamba Jumapili ya pili Hawe alikuja mpaka kwenye ua ule, akamsikia Sanga akiguna, akainua mkono, akarudi kwa sababu mchungaji wake alimkataza. Akasema, "Si yeye aliyeiruka nyumba yako, Monicah. Ni mimi."

Monicah hakulia. Kuku mmoja akaja akadonoa karibu na kiatu cha mchungaji, hakuna aliyemfukuza.

"Siku ile msibani," Monicah akasema, "nilipokuwa namsema bibi wa watu, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukatuimbisha."

"Nikawaimbisha."

Akainama, akakichukua kikombe mikononi mwa Dena, hajakinywa hata nusu. Akatembea mpaka kwenye mpapai, akayamwaga yale maji shinani, yote. Akakisuuza kwa maji mengine kutoka kwenye mtungi, akakipangusa kwa leso yake, nje na ndani, akakiweka dirishani na kukifunika kisahani.

"Haya uliyoniambia," akasema, mgongo wake ukiwa kwa mchungaji, "Jumapili utayasema mbele ya watu wote. Kama ulivyoyasema hapa."

"Nitayasema."

"Na Hawe umwambie kikombe chake kipo."

Kisha akaingia ndani kwake, akafunga mlango, na hakumwambia karibu tena.